Metali nzito hushikwaje na udongo?

Maabara ikikuandikia kwamba udongo una miligramu 100 za risasi kwa kila kilo, imekwambia kiasi kilichomo, basi. Haijakwambia risasi hiyo imeshikwa na nini, wala kama itachomoka kesho mvua ikinyesha. Kwa mmea, kwa kisima na kwa mtoto anayechezea udongo huo, jambo hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko namba yenyewe.

Metali nyingi nzito, kama risasi, kadimi, shaba na zinki, zikiyeyuka katika maji ya udongo huwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na chaji yao ni chanya. Punje ndogo kabisa za udongo, yaani mfinyanzi na mboji, kwa kawaida zina chaji hasi. Basi huvutana. Lakini mvuto huo peke yake ni mshiko mwepesi: ayoni inakuwa bado imezungukwa na molekuli za maji, imesogea karibu na punje bila kuigusa. Ikija kalsiamu kwa wingi, inachukua nafasi yake na metali inarudi majini. Ndiyo maana mshiko huu huitwa ubadilishanaji wa ayoni. Uwezo wake hutofautiana sana: mfinyanzi wa aina ya kaolini hushika kidogo, montmorilonaiti hushika mara kadhaa zaidi, na mboji, gramu kwa gramu, huzishinda zote mbili.

Mshiko wenye nguvu hutokea pale ayoni inapovua lile vazi la maji na kufunga kifungo cha kikemikali moja kwa moja na oksijeni iliyo kwenye uso wa madini. Hapa wenye kazi kubwa ni oksidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, zile zinazoupa udongo wekundu au umanjano, pamoja na oksidi za manganizi. Hizi za manganizi huwa chache mno udongoni, lakini zinaposhika risasi huishika kwelikweli, na kalsiamu haiwezi kuing'oa kirahisi.

Mboji nayo ina namna yake. Imejaa vikundi vya atomi viitwavyo kaboksili na fenoli, ambavyo huizingira ayoni pande zaidi ya moja, kama kaa anavyobana kitu kwa gando. Shaba hupenda sana mshiko huu. Zebaki hutafuta salfa iliyomo ndani ya mboji na kuing'ang'ania. Ila tusiisifu mboji kupita kiasi: sehemu yake inayoyeyuka majini inaweza kuibeba shaba hiyohiyo na kuishusha chini, mbali na mahali ilipotakiwa kubaki.

Yote haya hutegemea pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi inapozidi. Udongo ukiwa na asidi nyingi, haidrojeni huzijaza nafasi za kushikia na metali hubaki bila pa kukaa. Kadimi na zinki ndizo huwahi kuachiliwa. Risasi na shaba huvumilia zaidi. Kuweka chokaa hupandisha pH na kurudisha mshiko. Lakini aseniki, ambayo mara nyingi huhesabiwa pamoja na metali hizi, husafiri ikiwa na chaji hasi. Kwake chokaa inaweza kuwa ndiyo ufunguo wa kuitoa, na mbolea ya fosfeti huishindania nafasi kwenye oksidi za chuma. Tiba ya risasi ikitumiwa bila kuangalia kama aseniki imo, inaweza kuleta madhara mapya.

Maji yakituama, oksijeni huisha. Oksidi za chuma huyeyuka na kuachia zilichokishika, aseniki ikiwemo. Kadimi hufanya kinyume: katika hali hiyo huungana na salfa ikawa salfaidi isiyoyeyuka. Mashamba ya mpunga yakikaushwa kabla ya mavuno, salfaidi hiyo huvunjika na kadimi huwa tayari kuingia kwenye punje za mpunga. Katika bonde la mto Jinzu, Japani, kadimi kutoka mgodini ilipitia maji na mchele ikasababisha ugonjwa wa itai-itai, uliodhoofisha mifupa ya watu kwa maumivu makali. Serikali ya nchi hiyo ilitambua rasmi chanzo chake mwaka 1968.

Ili kujua mshiko ni wa aina gani, wataalamu huosha sampuli ileile kwa vimiminika vikali zaidi hatua kwa hatua. Utaratibu uliozoeleka ni ule wa mtafiti Tessier na wenzake wa mwaka 1979. Chumvi ya magnesiamu hutoa kilichoshikwa kwa mvuto tu. Asidi hafifu hutoa kilichofungwa na kaboneti. Kisha huyeyushwa oksidi, halafu huunguzwa mboji kwa peroksidi ya haidrojeni. Kinachobaki kimo ndani ya fuwele za madini yenyewe, na hakitoki mpaka asidi inayoyeyusha jiwe.