Je, wajua? GPS husikika ikiwa chini ya kelele

Mashua ikitoka Nungwi kwenda Mkoani, katikati ya bahari mtandao hukata kabisa, na bado ramani ya simu inaonyesha mahali ulipo. Wengi hudhani setilaiti hutuma mawimbi yenye nguvu kuliko minara ya simu. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Setilaiti za GPS zipo kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake yakifika kwenye simu huwa yamefifia hadi yanazidiwa makumi ya mara na kelele za umeme za kipokezi chenyewe. Tena zote hutuma kwa pamoja kwenye masafa mamoja, megahezi 1,575.42. Kwa kanuni za redio ya kawaida, zingevurugana tu.

Siri ni mdundo. Fikiria usiku wa Ramadhani, mvua inapiga bati, na mtaa wa mbali inapita ngoma ya daku. Pigo moja hulisikii. Lakini kama mdundo unaujua, utatega sikio pale tu pigo linapostahili kuanguka, tena na tena. Mvua haifuati mdundo: hapa inaongeza, pale inapunguza, mwisho inajifuta yenyewe. Ngoma hairuki pigo, na kila pigo linajazia lililotangulia.

Kila setilaiti ina mdundo wake wa mapigo 1,023, unaorudiwa kila milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde). Simu ina nakala za midundo yote. Huisogeza nakala kidogo kidogo mpaka ioane na kilichopokewa, kisha hujumlisha. Ishara hukua mara 1,023, kelele kama mara 32 tu. Mdundo wa setilaiti nyingine hauoani, kwa hiyo unahesabika kama mvua. Na kiasi nakala ilichosogezwa ndicho kinachoonyesha mawimbi yamechukua muda gani njiani, na hivyo setilaiti iko umbali gani!

Kinga hii dhidi ya kelele ina kikomo. Kikuza ishara cha antena ya televisheni kikiharibika huweza kurusha mawimbi chenyewe. Mwaka 2001 vifaa vya namna hiyo viliziba GPS katika bandari ya Moss Landing, California. Kipokezi kikishalemewa mlangoni, kujumlisha hakusaidii.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga, pakua ramani, halafu iache simu kwenye uwazi wa mbingu dakika moja au mbili. Bila intaneti, simu husoma njia ya kila setilaiti kutoka kwenye ishara yenyewe, biti 50 kwa sekunde, na taarifa hizo hurudiwa kila sekunde 30. Ukiitia mfukoni au chini ya turubai lililolowa kabla haijamaliza, itasubiri zirudiwe.