Kitako cha bunduki cha bei kali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Atelie yangu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni vitanda na milango, ila wawindaji wenye vibali huniletea pia vitako vya bunduki (ule mwili wa mbao au plastiki unaoshika chuma na kuegemea begani) vilivyopasuka, au vile walivyoagiza Ulaya kwa mamia ya dola ili nivikalishe vizuri.

Dhana potofu ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote: kitako kipya kitaipa bunduki shabaha. Risasi huongozwa na mtutu. Kitako kinashika tu chuma, kisisogee unapofyatua. Chuma kikicheza ndani ya mbao, au mbao ikiusukuma mtutu upande mmoja, risasi hutawanyika hata kama ulilipa dola elfu moja. Papa (mzee) mmoja alikuja Januari akilalamika kwamba bunduki yake, iliyokuwa sawa mwezi wa nane, sasa inapiga kushoto. Tulihakikisha haina risasi, kisha nikapitisha noti ya faranga 500 kati ya mtutu na mbao. Ilikwama katikati, yaani mbao ilikuwa inaugusa mtutu. Mvua zetu huanza kuelekea Novemba, na mbao ilikuwa imekunywa maji na kufura. Nilikwangua kidogo, nikapaka vanishi hadi ndani, pale ambapo wengi hawapaki kwa kuwa hapaonekani. Noti ikateleza. (Bunduki nyingine hutengenezwa makusudi mbao iguse mtutu karibu na ncha, hizo usizikwangue ovyo.)

Kabla ya yote hayo, lakini, kaza skrubu. Utacheka ukijua ni wangapi wamenunua kitako kwa sababu ya skrubu iliyolegea.

Wengine husema mbao ni bora kuliko plastiki. Kwa macho, nakubali. Mimi ni seremala, na mukula, mbao nyekundu ya kwetu, uliosuguliwa vizuri hunifanya nisimame kuutazama. Lakini mbao huvimba na kusinyaa, faibaglasi haifanyi hivyo, na mbao ya matabaka yaliyogundishwa hutulia kuliko gogo moja. Plastiki ya bei rahisi nayo ina aibu yake: ibane pamoja na mtutu kwa kiganja, utaiona ikipinda.

Eti chepesi ndicho kizuri? Begani, ndiyo, wakati wa kutembea. Ukifyatua .375 H&H, risasi ya tangu 1912 ya kuwindia wanyama wakubwa, uzito ndio unaopunguza teke la bunduki begani.

Kitako cha bei kina maana kama kile cha zamani ni kirefu au kifupi kwa mkono wako, au tangu ufunge darubini shavu halifiki mahali pake. Hata hapo, mara nyingi mpira nyuma na kipande cha mbao juu vinatosha, na pesa inayobaki inanunua risasi za mazoezi.

Yule papa wa Januari alikuwa ameshaagiza kitako cha kaboni. Kilifika Machi. Kingali ndani ya boksi lake.