Mboni ya swala na mboni ya uongo ya vunjajungu

Kazi yangu ni kuchunguza macho ya wanyama, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona vunjajungu ananikodolea macho kila ninakosogea? Wala hakukodolei. Kile kidoa cheusi jichoni mwake si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa maelfu ya vijicho vyembamba kama mirija; vile vinavyokuelekea moja kwa moja humeza mwanga usikurudie, ndiyo maana unaona weusi. Ukisogea, zamu inakuwa ya vijicho vingine, na kidoa kinahama nawe.

Mboni ya swala ni ya kweli, nayo imelala kama mpasuo. Humwonyesha nchi kwa mapana, mbele na nyuma, huku ikipunguza mwanga wa jua la juu. Je, akiinama kula, mpasuo si utasimama wima? Mwaka 2015 mtafiti wa macho Martin Banks na wenzake walionyesha kwamba mbuzi, kondoo na farasi wakiinamisha kichwa, jicho huzunguka nyuzi 50 hivi ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Nenda kamtazame mbuzi yeyote akila, utaliona.

Shuleni tulikaririshwa kuwa mwindaji ana macho mbele, mwindwa pembeni. Kwa vunjajungu kanuni hiyo inayumba. Macho yake yametokeza pembeni, anaona karibu pande zote kama swala, maana naye analiwa na ndege na popo. Ila pale mbele, macho yote mawili yanapoona kitu kimoja, anapima umbali. Mtafiti Samuel Rossel alithibitisha hilo mwaka 1983. Baadaye maabara ya mtafiti Jenny Read, Newcastle, Uingereza, iliwabandika vunjajungu vimiwani vinavyolipa kila jicho picha yake, kwa nta ya nyuki, na kuwaonyesha picha za mdudu anayeonekana kuelea karibu yao. Wakamrushia mikono mdudu asiyekuwepo!

Usiku, mulika tochi. Macho ya swala yanawaka, kwa kuwa nyuma ya retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili. Ya vunjajungu, yaliyokuwa kijani mchana, yamekuwa meusi tii: rangi iliyo ndani ya vijicho imehama ili mwanga mchache uliopo usipotee. Mara ya kwanza kuyaona hivyo nilidhani vunjajungu wangu kaugua. Asubuhi yakawa kijani tena.