Jina la 1990, watu wa zamani

Husikika mara nyingi kwamba "watu wa roho mbili" miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani, yaani wasioishi kama wanaume tu wala wanawake tu, ni mtindo wa juzi. Jina ndilo la juzi: lilikubaliwa kwenye mkutano wa Winnipeg, Kanada, mwaka 1990. Watu wenyewe wamo kwenye nyaraka za zaidi ya miaka mia moja.

Mchukue We'wha, wa kabila la Wazuni wa New Mexico, Marekani, mfumaji na mfinyanzi hodari. Alizaliwa na mwili wa kiume, akaishi kama lhamana, yaani mwenye mwili wa kiume anayeshika mavazi na kazi za kike, nafasi iliyokuwa na jina na heshima yake kwa Wazuni. Mwaka 1886 alikaa miezi kadhaa Washington, akakutana na Rais Grover Cleveland. Wengi huko walimdhania mwanamke. Mtafiti Matilda Stevenson, rafiki yake wa miaka mingi, hata baada ya kujua aliendelea kumwandika kwa kiwakilishi cha kike. (Kwa Kiswahili asingehangaika: yeye ni yeye.)

Ila nyaraka hizo zataka jicho kali. Nyingi ziliandikwa na wamishenari na maofisa wa serikali, na kejeli zimejaa. Ukitegemea mafaili ya ofisi peke yake utaona adhabu tu. Osh-Tisch wa kabila la Wakrow, naye mwenye mwili wa kiume aliyeishi kike, aliyepigana kwenye vita vya Rosebud mwaka 1876, baadaye alilazimishwa na wakala wa serikali kukata nywele na kuvaa kiume. Kwamba chifu Pretty Eagle alimtaka wakala huyo aondoke, hilo tunalijua kwa sababu Wakrow walisimuliana.