Ngozi Si Khanga: Kutia Rangi Ngozi Iliyosindikwa Ukiwa Nyumbani

Mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alituletea ngozi ya mbuzi iliyojikunja na kukakamaa kama ukoko. Aliinunua laini kabisa, akitaka kushona mkoba. Kwa kuwa batiki anaijua vizuri, alichemsha rangi, akaitumbukiza ngozi sufuriani. Haikupita dakika nyingi ikasinyaa. Iliniuma, maana ngozi ikishaungua hivyo hairudi tena, na aliyemuuzia hakumwambia lolote.

Kabla ya kununua rangi, jua ngozi yako ilisindikwa kwa kitu gani. Kata pembe ndogo utazame ukingo. Ukiwa kahawia hadi ndani, hiyo ni ya magome, kama ya miti ya miwati inayolimwa Njombe. Ukiwa na ubluu wa kijivu, ni ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ya magome huanza kusinyaa maji yakifika nyuzi joto 70 hivi, kwa hiyo ifanyie kazi kwa maji ya baridi tu. Ya kromu huvumilia joto zaidi, lakini rangi za kienyeji huishika kwa mabakamabaka. Wapo wanaochoma kipande ili waitambue. Tafadhali usifanye hivyo, kwani moto unaweza kuigeuza kromu kuwa sumu.

Kwa anayeanza, nashauri ngozi ya magome na rangi nyeusi, kwa sababu vifaa vyake viko dukani kwa Mangi. Osha stiliwaya ya kusugulia masufuria kwa sabuni hadi mafuta yaishe, ikaushe, iloweke kwenye nusu lita ya siki kwa wiki moja. Kifuniko kiache kimelegea, kwa kuwa hutoka gesi. Chuja kwa kitambaa, vaa glavu, kisha paka kwanza kwenye kipande cha majaribio. Utaona maji yale, ambayo hayana weusi wowote, yakiigeuza ngozi kijivu, kisha nyeusi tititi mbele ya macho yako. Chuma kimekutana na tanini, ile dawa ya magome iliyosindika ngozi, na weusi huo umo ndani ya ngozi yenyewe.

Baada ya hapo pitisha maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea kwa lita moja, kupunguza ukali wa siki, halafu suuza. Anika kivulini. Upepo wetu wa kiangazi hukausha ngozi upesi mno, nayo ikaishia kuwa kama ubao. Kwa hiyo ikiwa bado ina unyevu kidogo, ifikiche na kuivuta kwa mikono, kisha paka mafuta ya nyonyo kiasi. Mafuta ya alizeti tunayo tele huku, ila kwenye ngozi hunata baadaye.

Ikikauka, isugue kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha kwa kilicholowa. Kitambaa kikitoka na weusi, suuza tena na uikaushe upya kabla hujagusa cherehani, la sivyo mkoba utachuja kwenye gauni la mtu.