Upanga, damu na makoti mekundu: uongo na ukweli kuhusu klabu ya Lady Margaret

Ukijichanganya na wapiga makasia wa Cambridge, chuo kikuu cha Uingereza kilichogawanyika katika koleji nyingi, kuna kisa hutakosa kusimuliwa. Eti hapo zamani koleji ya St John's ilikuwa na klabu ya makasia yenye jina la koleji. Siku moja vijana wakafunga upanga kwenye omo ya boti yao, wakaiparamia boti iliyokuwa mbele, upanga ukamuua mshika usukani. Wakubwa wakaifuta klabu, wakaapa jina la St John's lisionekane tena mtoni. Vijana nao hawakukubali yaishe: wakarudi na jina jipya, Lady Margaret Boat Club, na makoti mekundu kama damu waliyoimwaga.

Kisa kitamu, lakini ni cha kutungwa. Klabu iliitwa Lady Margaret tangu ilipozaliwa mwaka 1825, kwa sababu boti yake ya kwanza iliitwa hivyo. Enzi hizo klabu haikuwa idara ya koleji. Ilikuwa kundi la marafiki wenye boti yao, na koleji moja iliweza kuwa na makundi kadhaa. Majirani zao wa Trinity walifikisha klabu tatu: ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu.

Ila kifo mtoni kilitokea kweli, na nadhani ndicho kinachokipa kisa hiki uhai. Ilikuwa mwaka 1888, katika mashindano ya Lent, yaani ya muhula wa pili wa mwaka wa masomo. Omo ya boti ya koleji ya Trinity Hall ilimchoma mpiga makasia wa koleji ya Clare, akafa. Upanga haukuwepo, na Lady Margaret haikuhusika. Omo yenyewe ilitosha: boti hizi ni nyembamba, zimechongoka, na zinaendeshwa na vijana wanane wanaovuta kwa nguvu zao zote huku wameipa mgongo njia. Baada ya msiba huo boti zikaanza kuvalishwa tufe la mpira kwenye ncha ya omo. Tufe hilo limeenea duniani kote, na sheria za kimataifa za leo zinataka kipenyo chake kisipungue sentimita 4.

Kisa cha upanga si uongo pekee. Vichwa vinavyofuata, vilivyo ndani ya alama za kunukuu, navyo ni madai yasiyo ya kweli au yenye shaka.

"Anayefika wa kwanza ndiye mshindi"

Msomaji atauliza, kwani boti zilikuwa zinagongana kwa nini? Jibu ni kwamba kugonga ndio mchezo wenyewe, si kufika wa kwanza. Mto Cam ni mwembamba, boti mbili za makasia manane haziwezi kukimbizana ubavu kwa ubavu. Basi hupangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, zikiachana kwa urefu wa boti moja na nusu, kama mita 27 hivi. Mzinga unalia zikiwa zimebaki dakika nne, unalia tena ikibaki moja. Mshika usukani ameshika mnyororo uliofungwa ukingoni, na mzinga wa tatu ukilia anauachia. Hapo kila boti inamfukuza wa mbele na kumkimbia wa nyuma, kwa wakati mmoja.

Ukingoni wapo wenzao wa koleji, wengi juu ya baiskeli, na firimbi mdomoni. Pengo likibaki urefu wa boti moja, wanapuliza mara moja. Nusu boti, mara mbili. Robo, mara tatu. Wavutaji hawaoni kilicho mbele yao, kwa hiyo masikio yao yako kwenye firimbi hizo. Ukimgusa wa mbele, nyote mnasogea kando kupisha wengine, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Waliogonga hurudi nyumbani wamejipamba kwa matawi waliyovunja ukingoni.

Mpangilio wa siku ya mwisho ndio utakaoanzia mwaka ujao, kwa hiyo koleji hurithi nafasi iliyoachwa na wanafunzi waliokwisha kuondoka. Mtindo huu ulianza Cambridge mwaka 1827. Na mashindano yanayoitwa ya Mei, usiyatafute mwezi wa Mei. Hufanyika Juni.

"Cambridge walishindana na Oxford kwa mara ya kwanza wakiwa na buluu yao"

Klabu ya chuo kikuu kizima ilianzishwa mwishoni mwa 1828, miaka mitatu baada ya Lady Margaret. Ilipoamua kuwaita mahasimu wao wa chuo kikuu cha Oxford kwenye mashindano, aliyetumwa kuandika barua alikuwa William Snow wa St John's. Walikutana Henley, mji ulio kando ya mto Thames, tarehe 10 Juni 1829. Kwenye boti ya Cambridge, watu watatu walitoka Lady Margaret: Snow mwenyewe, Charles Merivale, na George Selwyn, ambaye baadaye alikuwa askofu New Zealand. Oxford walishinda kwa urahisi. Buluu nyepesi, rangi inayoitambulisha Cambridge, haikuwepo siku hiyo. Ilianza mwaka 1836, kwa kipande cha utepe kilichofungwa kwenye boti.

"Bleza imetoka jeshini"

Inasimuliwa kwamba nahodha wa meli ya kivita Blazer aliwavalisha mabaharia wake makoti ya buluu ili kumpendeza Malkia Victoria. Ushahidi wa hadithi hiyo ni haba. Kwa upande mwingine, mwaka 1889 msomaji mmoja aliliandikia gazeti la Daily News la London akilalamika kwamba sasa kila koti la michezo linaitwa bleza, ilhali alipokuwa Cambridge jina hilo lilikuwa la koti jekundu la kitambaa cha flana la Lady Margaret, basi. Wanafunzi wa Nairobi na Kampala wanaotoka jasho ndani ya bleza saa saba mchana wanajua pa kupeleka malalamiko.

"Kwa jina hilo, lazima ni klabu ya wanawake"

Lady Margaret Beaufort alikuwa mama yake Mfalme Henry VII. Alifariki mwaka 1509, na koleji ya St John's ilianzishwa mwaka 1511 kwa mali yake. Kwa zaidi ya miaka 150 klabu yenye jina lake ilikuwa ya wanaume watupu, kwa kuwa koleji haikuwapokea wanawake wa shahada ya kwanza hadi mwaka 1982. Siku hizi boti za wanawake na za wanaume hutoka chini ya jina hilo hilo, na wengi wanaozivuta hawakuwahi kushika kasia kabla ya kufika chuoni.