Je, wajua kwa nini Wachina huwachomea wafu wao pesa za karatasi?

Katika dini ya jadi ya Wachina, aliyekufa bado ni mtu wa ukoo mwenye mahitaji yake: hula, huvaa, hutumia pesa, na wa kumpa ni wazao wake. Asiye na wa kumtambikia hugeuka mzimu wenye njaa, unaozurura na kuwasumbua walio hai. Moto ndio mchukuzi: karatasi ikiisha kuwa majivu, pesa imemfikia mwenyewe.

Siku kubwa ya kazi hii ni Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili. Tangu 2008 ni siku ya mapumziko China nzima.

Huko Fujian na Taiwan, kwanza magugu hung'olewa na maandishi ya jiwe yaliyofifia hupakwa rangi upya. Kabla ya wahenga, husalimiwa mungu wa ardhi, mwenye kijiwe chake pembeni mwa kaburi; yeye ndiye mlinzi wa mahali, na kumruka ni utovu mkubwa wa adabu. Huyu huchomewa karatasi zenye bamba la rangi ya dhahabu, wahenga zenye rangi ya fedha. Kuzichanganya ni kosa zito, maana mungu anakuwa amehesabiwa pamoja na wafu.

Kisha hutengwa nyama, matunda na vikombe vya pombe au chai, na udi huwashwa. Pesa hazichomwi papo hapo: wahenga huachwa wale kwanza, udi ukiendelea kuungua. Kujua kama wamemaliza, hurushwa vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mwandamo, upande mmoja bapa na wa pili umevimba. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine uvimbe, jibu ni ndiyo. Vikilala sawa, watu husubiri, kisha hurusha tena.

Karatasi hutenganishwa kabla ya kutiwa motoni, kwa sababu bunda lililoshikamana huungua kingo tu. Kuichokoachokoa kwa fimbo nako hukatazwa: ikichanika, mhenga hupokea vipande. Kaskazini mwa China watu huchora duara chini, wakaliachia mlango, na kuchomea ndani yake. Karatasi chache hutupwa nje kwa mizimu isiyo na jamaa, isije ikapora za wengine.

Taratibu hutofautiana kijiji kwa kijiji, lakini wajibu ni mmoja, nao umewaunganisha Wachina kuliko mungu yeyote. Papa Clement XI alipowakataza Wakatoliki matambiko haya mwaka 1715, Mfalme Kangxi alijibu kwa kuwapiga marufuku wamishonari kuhubiri. Roma ililegeza msimamo mwaka 1939. Na kila Qingming, huko Huangling mkoani Shaanxi, viongozi wa serikali na Wachina waishio ng'ambo humtambikia Huangdi, Mfalme wa Manjano, anayehesabiwa babu wa taifa zima. Hapo ukoo umekuwa nchi.